Panya Mweusi Aliyetakiwa Kuwa Mweupe

Panya namba 113 alikuwa mweusi ti. Nilimshika mwenyewe kwa shina la mkia, nikamwandika daftarini kwa kalamu ya bluu: "113, dume, mweusi." Miezi kadhaa baadaye, saa nne za usiku, nimesimama mbele ya taa ya urujuanimno na miwani yangu ya plastiki, DNA yake ikaniambia kwamba yule panya ni mweupe. Mweupe kabisa, wa macho mekundu.

Hiyo ilikuwa mwaka 1999. Nilikuwa nimetoka Tanga mwaka mmoja nyuma kwenda kusomea shahada ya uzamivu katika chuo kimoja cha katikati ya Marekani. Nyumbani ukisema unafanya sayansi ya panya, watu siku hizi hukumbuka panya buku wa Morogoro, wale wanaonusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Hao ni wakubwa na wana sifa zao. Wangu walikuwa vipanya vya gramu 25 hivi, wanalala juu ya maranda ya mbao kwenye vizimba vya plastiki, na sifa yao ilikuwa moja: kuugua au kutougua.

Walikuwa wa koo mbili. Nasema koo kwa makusudi, maana wamezalishwa kaka kwa dada kwa vizazi 20 na zaidi, hadi kila mmoja ni kama pacha wa mwenzake. Ukoo wa A/J, weupe, ukiwadunga dawa iitwayo urethani mara moja tu, baada ya miezi minne hivi mapafu yao yanajaa vivimbe. Ukoo wa C57BL/6, weusi, uwadunge kipimo kilekile kwa uzito wao, utakuta kivimbe kimoja au hukuti kitu. Chakula kimoja, chumba kimoja, sindano moja. Tofauti imo kwenye damu yao, na kazi yangu ilikuwa kusema imo kwenye kromosomu ipi, yaani uzi upi wa kubeba jeni, kati ya jozi 20 walizo nazo, na sehemu gani ya hiyo kromosomu.

Weusi hao wana historia ninayoipenda. Ukoo wao ulianzishwa mwaka 1921 na C. C. Little, yule aliyekuja kuanzisha Jackson Laboratory huko Bar Harbor, Maine, mwaka 1929. Lakini panya wa mwanzo walitoka kwa mama mmoja mfugaji wa Granby, Massachusetts, Abbie Lathrop, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule. Alikuwa akiuza panya wa mapambo. Akaona baadhi ya familia zao zinaota uvimbe kuliko nyingine, akaandika, akashirikiana na daktari Leo Loeb kuchunguza. Kwa maoni yangu mama huyu hajapewa haki yake. Maabara nusu ya dunia zinakula kutoka bandani kwake na wengi wa wanaokula hawajui jina lake.

Sasa, kutafuta mahali. Hili nililieleza vizuri mara moja tu maishani, na niliyemweleza ni shangazi yangu, kwenye simu ya kadi, yeye akiwa kwa jirani mwenye laini ya mezani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Wamekupa kazi gani huko?"

"Natafuta jeni za saratani kwa panya."

"Dawa yake?"

"Hapana, si dawa. Mahali zilipo."

Kimya, na dakika za kadi zinakwenda. "Yaani umevuka bahari yote ile kwenda kutafuta mahali?"

Shangazi alikuwa akitunga asumini jioni na kuuza. Nikamwambia kila mzazi hukata na kuunga kromosomu zake kabla ya kumpa mtoto; kromosomu ni uzi, jeni ni ua. Basi achukue nyuzi mbili za asumini zilizolingana, uzi mmoja maua meupe, mwingine maua aliyoyatia zafarani. Azilaze sambamba, kila ua na mwenzake. Arushe sarafu: ikiangukia upande mmoja aziache nzima, ikiangukia wa pili afumbe macho, azikate zote mbili mahali pamoja, kisha afunge kichwa cha huu kwenye mkia wa ule. Afanye hivyo mara mia kwa nyuzi mpya. Maua mawili yaliyogusana yatabaki pamoja karibu kila mara. Yaliyo mbali kidogo yatatenganishwa mara kadhaa. Yaliyo huku na kule yatatengana nusu ya mara zote, kama vile hayakuwahi kuwa uzi mmoja. Hesabu mara ambazo maua mawili yametengana, na hapo umepata umbali baina yao bila kupima kwa rula.

"Hilo hata mtoto anajua," akasema.

Kweli, ila wanyama wenye manyoya walichelewa kupata mtu wa kuwahesabia. Mwaka 1915 mwanasayansi Mwingereza J. B. S. Haldane, dada yake Naomi na rafiki yao A. D. Sprunt walichapisha hesabu za panya walizofanya Oxford: jeni ya weupe na jeni ya macho ya waridi huwa zinarithiwa pamoja kuliko bahati ingeruhusu. Sprunt hakuiona makala hiyo. Alikuwa ameshauawa vitani Ufaransa, na Haldane mwenyewe alikuwa jeshini. Ni Haldane huyohuyo aliyekuja kupendekeza kipimo cha umbali huo kiitwe kwa jina la Thomas Hunt Morgan, mtu wa nzi wa matunda, na ndiyo maana mpaka leo tunasema sentimorgani: nafasi 1 katika 100 ya kutenganishwa. Jeni zao mbili zilikuja kujulikana kuwa ziko kromosomu 7. Ile ya weupe sasa tunaiita Tyr, na ndiyo iliyonikamata mimi miaka 84 baadaye.

Mpango wetu ulikuwa hivi. Tuliwazalisha A/J na C57BL/6, tukapata watoto, wote weusi. Watoto hao tukawarudisha kwa A/J. Wajukuu ndio waliotupa habari, kwa sababu kila mmoja alikuwa na kromosomu za mzazi mmoja zilizokatwa na kuungwa upya kwa namna yake. Nusu yao walitoka weupe, robo weusi, robo kahawia. Kahawia wa kwanza nilipomwona nilidhani amejichafua. Kumbe A/J hubeba jeni ya ukahawia kwenye kromosomu 4, imefunikwa na weupe, haionekani mpaka umwondolee mnyama huo weupe. Nilipata wajukuu 184.

Kila mmoja nilimtoboa sikio kwa namba yake na kumkata ncha ya mkia akiwa na wiki tatu. Ncha inalala usiku kucha kwenye maji ya kimeng'enya kwa nyuzi 55, asubuhi imeyeyuka na chumba kina harufu ya ngozi iliyolowekwa. Unasafisha, unatia spiriti baridi, unazungusha kwenye mashine, na chini ya kichupa kinabaki kitonge cheupe kidogo kuliko punje ya mchele. Spiriti unaimwaga kwa kuinamisha kichupa taratibu. Kumbuka hapo.

DNA inakwenda kwenye sahani yenye visima 96, na kila kisima tunakiuliza swali moja kwa kila alama. Wakati ule alama zilikuwa zimekwisha tengenezwa kwa maelfu huko Massachusetts, zina majina kama D6Mit15: D ya DNA, 6 ni kromosomu, Mit ni maabara iliyozipata, 15 ni namba tu. Kila alama ni kipande kinachojirudia, kirefu kwa ukoo mmoja na kifupi kwa mwingine. Unakizalisha kwa PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, unakipitisha kwenye jeli inayotenganisha vipande kwa urefu, unahesabu mistari. Mstari mmoja, panya ana nakala mbili za A/J, andika A. Mistari miwili, amechanganya, andika H. Basi. Shahada yangu ilikuwa ukurasa mkubwa wa A na H.

Kosa la kwanza lilikuwa dogo na ramani ya alama na umbali wao ililiona kabla yangu. Nilipopanga alama za kromosomu 6, panya kadhaa walisomeka A A A H A A A ndani ya kipande kifupi. Maana yake uzi umekatwa upande mmoja wa ua na upande wa pili palepale. Panya hafanyi hivyo. Kwake kukatwa mahali fulani huzuia kukatwa kwingine karibu yake. Mimi nilikuwa tayari kumtangaza panya wa ajabu. Fundi wa maabara, mzee mmoja mpole aliyekuwa akifanya kazi hiyo tangu sijazaliwa, alitazama karatasi yangu, akaniuliza kromosomu 6 imefikia urefu gani. Nikamwambia zaidi ya sentimorgani 100. Akacheka. Haifiki 80. Kila H niliyoisoma vibaya ilikuwa imehesabiwa kama mikato miwili, na ramani yangu ilikuwa imenenepa. Tulirudi kwenye picha za jeli: hapa kiputo cha hewa, pale doa lililomwagikia njia ya jirani. Nikafuta, nikarudia, ramani ikakonda.

Nikajiona nimeshafuzu. Ramani inajisahihisha, nikasema, mimi nifanye tu.

Halafu akaja 113. Hapo sikuwa nikitafuta saratani hata kidogo. Nilikuwa napima alama za kromosomu 7 kwa kujaza tu orodha. Alama mbili zilizoikumbatia Tyr, moja huku na moja kule, zote zikasema A. Panya mwenye A pande zote mbili za Tyr karibu lazima awe na A kwenye Tyr yenyewe, na panya wa A A hapo hana rangi mwilini. Lakini daftari lilisema mweusi. Alama nyingine zote za kromosomu 7 zilikuwa zimetulia, hakuna H iliyopotea njia, hakuna kunenepa. DNA ile ilikuwa safi na ya kweli. Ilikuwa tu si ya 113.

Sikulala. Alfajiri nikashusha orodha nzima na kulinganisha rangi na alama, panya mmoja mmoja. Kuanzia 1 mpaka 108 sawasawa. Kuanzia 121 mpaka 184 sawasawa. Katikati, 109 mpaka 119, ovyo: mweusi kasomeka mweupe, mweupe kasomeka wa rangi, wengine wameafikiana kwa bahati. Na kwenye 120 nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: "DNA imemwagika."

Haikuwa 120. Ilikuwa 109. Siku ile, nikimwaga spiriti, kitonge cha 109 kiliteleza kikaenda nayo nisione, kichupa kitupu nikakiweka pembeni pamoja na takataka, na vilivyobaki nikavipanga mfululizo bila kuacha nafasi. 110 akaingia kisima cha 109, 111 cha 110, hivyo hivyo mpaka mwisho wa safu, kikabaki kisima kimoja kitupu nami nikakipa jina la yule ambaye zamu yake ilikuwa imefika. Panya 11 walikuwa wamevaa DNA za jirani zao.

Nilichojifunza hapo sijakisoma kitabuni kwa namna iliyoniingia vile. Ukikosea kusoma jeli, ramani inapiga kelele. Ukihamisha DNA nzima, ramani inanyamaza, kwa sababu kila mmoja bado ni panya halali mwenye uzi halali. Kilichoharibika ni kiungo kati ya uzi na mapafu. Vivimbe vya 113 vilikuwa vimeandikwa dhidi ya jeni za 114, na hesabu zangu za saratani zilikuwa zikidhoofika polepole bila kosa lolote kuonekana. Kama koo zote mbili zingekuwa na rangi moja nisingejua mpaka leo.

Nilimwambia profesa wangu kwenye mkutano wa Ijumaa, mbele ya wote, kwa sababu nilijua nikimwambia peke yake ofisini nitalia. Hakusema mengi. Akauliza kama vipande vya mikia vilivyobaki bado vipo kwenye friza. Vipo. Basi toa. Fundi mzee akanisaidia kukata upya kwenye barafu kavu, kila kichupa akakisoma kwa sauti nami nikaitikia, kama watu wanaohesabu pesa. Tulipoingiza wale 11 mahali pao, na 109 mwenyewe tukampata, kilele cha kromosomu 6, pale hesabu zinapounganisha alama na vivimbe kwa nguvu zaidi, kilinyanyuka waziwazi.

Kuhesabu vivimbe nako kulikuwa na mitihani yake. Panya wanalazwa kwa hewa ya kaboni. Kila mara nilisema Bismillah moyoni. Hawaliwi, najua, lakini ni roho. Mapafu yanatolewa, yanalowekwa dawani, kisha unayatazama chini ya lenzi na vivimbe vinajitokeza juu yake vyeupe kama lulu. Anayehesabu haruhusiwi kujua ni panya gani, kwa hiyo vichupa vilipewa namba za siri, na namba za siri alizishika fundi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kutafuta jeni ya rangi na kutafuta jeni ya wepesi wa kuugua ni kazi mbili tofauti. Rangi ni ndiyo au hapana. Panya mmoja aliyekatwa mahali pazuri anatosha kukwambia Tyr iko upande huu wa alama na si upande ule. Saratani ni hesabu, na hesabu ina bahati ndani yake. Nilikuwa na panya wawili wenye herufi zilezile kromosomu 6 yote, wa zizi moja, wamedungwa siku moja. Mmoja vivimbe 9, mwingine 31. Sasa panya aliyekatwa pazuri akija na vivimbe 15, nimweke upande gani? Huwezi kumwamini peke yake. Inabidi umzalishe, uwapime watoto wake wengi wanaobeba mkato uleule, ndipo ujue kile kipande kimebaki na jeni au kimeiacha. Kila kizazi ni miezi mitatu hivi.

Na hao waliokatwa pazuri ni wachache. Kwa panya 184, sentimorgani 1 inakupa mmoja au wawili. Sentimorgani 1 kwa panya ni takriban herufi milioni 2 za DNA. Kilele changu kilikuwa kimekaa juu ya sentimorgani karibu 20, yaani mamia ya jeni. Nilikuwa nimeupata mtaa, nyumba bado.

Mtaa huo haukuwa mpya pia. Mwaka 1993 watafiti wa Milano walikuwa wameshatangaza mahali hapo, mwisho wa kromosomu 6, wakapaita Pas1. Na jirani anayekaa hapo ni Kras, jeni maarufu ya saratani. Tena mwaka 1992 ilikuwa imeonyeshwa kwamba uvimbe wa panya machotara unapopata badiliko kwenye Kras, huwa unalipata kwenye nakala iliyotoka kwa A/J. Ushahidi mzito, lakini aliyekutwa mtaani usiku wa wizi huwa si mmoja. Wenzetu wanaotafiti vivimbe vya utumbo walikuwa mbele: mwaka 1993 walipata kwenye kromosomu 4 mahali panapopunguza vivimbe, Mom1, wakashuku jeni ya Pla2g2a, ambayo C57BL/6 anayo ikiwa mbovu. Mwaka 1997 wakawapa panya nakala nzima ya jeni hiyo na vivimbe vikapungua. Huko ndiko kukamata. Mimi nilimaliza shahada nikiwa na mtaa wangu na panya saba waliokatwa vizuri, nikamkabidhi mwanafunzi aliyenifuata pamoja na daftari lenye 120 iliyokatwa kwa mstari mwekundu.

Shangazi nilimpigia kumwambia nimemaliza. Aliuliza nimepata mahali? Nikasema nimepata karibu. Akanyamaza, kisha akauliza lile ambalo nadhani alikuwa nalo tangu siku ya asumini. Bibi yangu, mama yake, alifariki kwa saratani ya titi. Dada yake bibi pia. "Na hiyo yetu iko namba ngapi?"

Nikamweleza kwamba kuna familia ambazo mahali pamejulikana. Mtafiti Mmarekani Mary-Claire King alipaonyesha mwaka 1990, kwa kuhesabu mikato ileile ila kwa watu: kromosomu 17. Jeni yenyewe, BRCA1, ikapatikana 1994. Na cha kushangaza, kromosomu 17 ya binadamu yote imo ndani ya kromosomu 11 ya panya, maua yamepangwa upya kidogo lakini majirani ni walewale, BRCA1 na p53, jeni nyingine ya saratani, wako uzi mmoja kwetu na uzi mmoja kwao.

"Au ni chakula tu," akasema. "Wamekula chungu kimoja maisha yao yote."

Nikamwambia hata hilo limewahi kutokea. Mwaka 1936 John Bittner, kule Bar Harbor, aliwapa watoto wa panya wa ukoo wenye saratani ya matiti mama wa kunyonyesha wa ukoo mwingine, na saratani ikapungua sana. Ilikuwa inapita kwenye maziwa, na baadaye ikaonekana ni kirusi. Kwa panya lakini, shangazi. Ndiyo maana kwenye kila kizimba tunaandika mama ni nani.

"Sasa mimi nimeondoka na uzi upi?"

Nikamwambia sijui. Kwa simu haionekani. Panya wangu mwenyewe ningehitaji kwanza ncha ya mkia.

"Basi," akasema, "mkia sina," akacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.